Vigezo na Masharti Kuzingatiwa



Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na kwa miaka mingi niliiamini bila kuitilia shaka yoyote. Lakini kwa muda wa miaka mitatu, tangu 2019 hadi 2022, nilipata ugali wangu kwa kazi ya kuvitembeza vitu vya watu, vizuri na vibaya, kwa maneno. Leo ningependa tuzungumze juu ya kazi hiyo. Inamgusa kila anayewasha redio, anayefungua simu yake au anayepita chini ya mabango ya barabarani. Isitoshe, mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, na nimeona nilitaje hadharani.

Wengi wenu mnanifahamu kama mtangazaji. Nilisomea uandishi wa habari hadi kupata stashahada, nikaajiriwa redioni, na nikadhani nitazeekea humo. Lakini ada za shule hazimngoji mtu. Mwaka 2019 kampuni moja ya masoko na matangazo hapa Dar es Salaam iliniita na kunipa kazi ya mwandishi mwandamizi, kwa mshahara uliokaribia kuwa mara mbili ya ule niliokuwa nikiupata. Sikuhitaji kubembelezwa. Nikachapishiwa kadi zenye jina na cheo, nikapewa meza karibu na dirisha, na vijana wanne wa kuwasimamia.

Pengine utauliza, mwandishi wa kampuni ya matangazo huandika nini hasa? Huandika kila kitu ambacho mwenye bidhaa anataka kukisema, lakini hana muda au ufundi wa kukisema mwenyewe. Huandika tangazo la redio la sekunde 30. Huandika maneno ya bango ambayo dereva wa daladala ataweza kuyasoma bila kupunguza mwendo. Huandika ujumbe mfupi wa simu, maelezo ya kurasa za mtandao, hotuba ya mkurugenzi siku ya uzinduzi, na hata zile salamu za Idi na Krismasi ambazo kampuni hukutumia kana kwamba inakujua tangu ukiwa mchanga.

Kijana anayeanza kazi hii huandika anachoambiwa. Mwandamizi, kwa upande wake, hupokea karatasi ya maelekezo ya mteja, hugawa kazi, husahihisha, huketi katika vikao, na tangazo likitoka na kosa yeye ndiye anayeulizwa. Hata hivyo jina lake haliandikwi popote. Gazetini mwandishi hutia jina lake juu ya habari, na redioni msikilizaji huijua sauti yangu. Kule maneno hutoka kama vile bidhaa yenyewe imefungua kinywa na kusema.

Wala hii si kazi ya kudharauliwa. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Dorothy L. Sayers, aliandika matangazo katika kampuni ya Benson mjini London kuanzia mwaka 1922, na riwaya yake ya mwaka 1933 iitwayo Murder Must Advertise inahusu kifo kinachotokea ndani ya ofisi ya namna hiyo hiyo. Salman Rushdie naye alipitia kazi hii mjini London kabla jina lake halijavuma. Ni shule nzuri ya maneno. Redioni nilizoea kuzungumza dakika kumi nikaona ni chache. Kule nilijifunza kwamba katika sekunde 30 maneno ya Kiswahili yakizidi 60 hivi, msomaji huanza kuhema.

Hata ile methali ya kizuri chajiuza nilianza kuitazama upya. Katika kijiji chenye mfinyanzi mmoja, chungu kizuri chaweza kujiuza chenyewe. Lakini katika jiji ambamo rafu moja ya duka ina sabuni za kila rangi na kila harufu, hata kilicho kizuri hakina budi kujitembeza. Wale waliokuwa wakisikiliza Idhaa ya Biashara ya Radio Tanzania Dar es Salaam watakumbuka jinsi matangazo yalivyokuwa sehemu ya burudani ya nyumbani, hata watoto wakayakariri kama mashairi. Wafanyabiashara husema biashara ni matangazo, na sioni ubaya katika hilo. Mpiga mbiu wa zamani hakuwa mwongo kwa sababu tu alikuwa akipiga mbiu. La mgambo likilia, watu walitoka nje kwa kuwa walijua kuna jambo.

Ndugu msikilizaji, tatizo la kwanza nililolikuta kule lilikuwa ni nafasi ya Kiswahili. Ungedhani kwamba katika nchi hii tangazo huanza kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa. La, hasha. Mara nyingi wazo lilizaliwa kwa Kiingereza, likajadiliwa kwa Kiingereza, likaidhinishwa kwa Kiingereza, na saa tisa alasiri nikaletewa karatasi na kuambiwa, "Weka Kiswahili hapo, saa kumi na moja linakwenda hewani." Kiswahili kilikuwa kama rangi ya kupaka ukutani baada ya nyumba kwisha kujengwa.

Matokeo yake mnayaona kila siku. Nilipofika nilikuta tangazo lililomwahidi mnunuzi kwamba akinunua sabuni mbili, ya tatu ni "huru". Aliyeandika alikuwa na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile isiyohusika. Alikusudia kusema ya tatu ni bure, lakini maneno yake yalionyesha kwamba sabuni ile imejipatia uhuru wake kama Tanganyika mwaka 1961. Tulicheka sana ofisini. Makosa kama haya huchekesha na kupita, na hakuna anayeumia. Lakini yako makosa mengine ya neno moja ambayo huumiza, na hapo ndipo lilipo deni langu.

Mwaka 2021 tulipata mteja aliyekopesha watu fedha kwa njia ya simu. Sitaitaja kampuni yake, wala ile niliyokuwa nikiifanyia kazi. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na kurasa tatu za Kiingereza, na ahadi kubwa iliyokuwa ndani yake ilikuwa kwamba mkopaji hatatakiwa kuweka rehani kitu chochote: si hati ya kiwanja, si kadi ya pikipiki. Kijana mmoja katika wale wanne wangu akaandika, "Mkopo wa haraka, bila dhamana." Alikuwa amepatia. Ilikuwa kweli, ilikuwa fupi, na ilikuwa Kiswahili safi.

Tulipoketi na mteja, ofisa wake wa masoko akakunja uso. Akasema neno dhamana ni zito, watu wakilisikia wanakumbuka polisi na mahakama, wanamkumbuka ndugu aliyekosa dhamana akalala mahabusu. Je, hakuna neno jepesi zaidi? Mtu mmoja mezani akasema, "Bila masharti." Chumba kizima kikafurahi. Lilikuwa tamu mdomoni, liliingia vizuri katika wimbo wa tangazo. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwandamizi.

Nataka unielewe vizuri, ndugu msikilizaji. Sikuwa mjinga. Nilijua kwamba dhamana ni kitu kimoja na masharti ni kitu kingine. Mtu anaweza kukukopesha bila dhamana na bado akakufunga kwa masharti mia moja. Na masharti ya mkopo ule yalikuwapo, niliyaona kwa macho yangu, kurasa nyingi za maandishi madogo ambayo mkopaji huyapitisha kwa kidole kimoja ili afike kwenye kitufe cha kukubali. Lakini ilikuwa Ijumaa jioni, mteja alikuwa mnono, na bosi wangu alikuwa akiniangalia. Nikasema, "Linapita."

Mwanasheria akaongeza kile kifungu cha mwisho ambacho nyote mnakijua: vigezo na masharti kuzingatiwa. Sasa tazama maajabu haya. Tangazo lilianza kwa kumwambia mtu kwamba hakuna masharti, na likamalizika, sekunde 28 baadaye, kwa kumwambia ayazingatie masharti. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyeona, kwa sababu kifungu kile husomwa kwa kasi ya kondakta anayetaja vituo, wakati maneno matamu husomwa taratibu, na muziki nyuma yake.

Nyuma ya ofisi yetu, chini ya mwarobaini, alikuwapo mama lishe mmoja ambaye wengi wetu tulikula kwake mchana. Mama wa makamo, mcheshi, aliyewaita wateja wake vijana wote "mwanangu", nami nilikuwa mmoja wao. Siku moja, baada ya watu kupungua, alikuja akaketi mbele yangu na simu mkononi. Alikuwa amekopa shilingi 100,000 za kununulia mchele na mkaa. Zilizomfikia ni 78,000, kwani 22,000 zilikatwa palepale kwa jina la ada ya huduma. Baada ya siku 14 alidaiwa arudishe 100,000 kamili. Piga hesabu mwenyewe. Kwa 78,000 alizozishika mkononi alilipia 22,000 juu, yaani zaidi ya asilimia 28, kwa wiki mbili tu.

Lakini hilo silo lililomleta. Alikuwa amechelewa kulipa kwa siku nne, kwa kuwa mvua ilinyesha na wateja hawakuja chini ya mti. Katika siku hizo nne ujumbe ulitumwa kwa watu waliokuwa katika simu yake: shemeji yake, mwenye nyumba wake, na wanachama wenzake wa kikoba, ukieleza kwamba mama huyu ni mdaiwa sugu na wamshauri alipe. Katika kikoba kile yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Walikutana Jumapili, wakamwambia kwa upole kwamba ni vizuri ufunguo wa sanduku ukae kwanza kwa mtu mwingine.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwa mtu wa redio, maneno unayajua. Walisema bila masharti. Haya niliyoletewa ni kitu gani?"

Nikamwambia kwamba masharti yalikuwamo humo humo ndani ya simu, ila ni marefu. Akasema, "Basi kwa nini walisema hayamo?"

Tonge lilinikwama. Sikuwa na ujasiri wa kumjibu siku ile. Nilirudi ofisini na kuomba tangazo lirekebishwe, lirudi kwenye yale maneno ya kijana wetu, na ada itajwe kwa tarakimu. Nikajibiwa kwamba muda wa hewani umekwisha kulipiwa hadi mwisho wa mwezi na kwamba mteja ameridhika. Tangazo liliendelea kusikika wiki tatu zaidi. Nililisikia ndani ya daladala, kwa kinyozi, na jioni moja nililisikia kutoka kwenye redio ndogo ya mama yule yule, chini ya mwarobaini, akiosha sahani.

Siku ya pili yake nilimwambia kweli. Nilimwambia kwamba maneno yale yalipita mkononi mwangu, na kwamba nilijua si ya kweli nikayaacha. Nikamwambia kwamba ningependa kumrudishia zile 22,000. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema deni lile amekwisha kulilipa. Akanipakulia chakula kama kawaida, akanipa chenji yangu. Lakini tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita bosi.

Ndugu msikilizaji, sikuacha kazi siku ile kwa hasira kama watu wa kwenye filamu. Nilikuwa na ada za kulipa. Niliendelea hadi mkataba wangu ulipokwisha mwaka 2022, ndipo nikarudi redioni. Lakini katika muda uliobaki nilijaribu kuelewa nilikosea wapi, kwa sababu vijana wale wanne walikuwa wakinitazama mimi ili wajifunze kazi.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika chumba kile alikuwapo mteja mwenye fedha, alikuwapo bosi, alikuwapo mchoraji, alikuwapo mwanasheria. Kila mmoja alikuwa na lake na alilisema. Mtu mmoja tu hakuwapo, naye ndiye ambaye maneno yale yaliandikwa kwa ajili yake. Mama lishe hakualikwa, na hawezi kualikwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumsemea, na kwa mawazo yangu mtu huyo ni mwandishi mwandamizi. Uandamizi si kuandika maneno matamu kuliko vijana. Vijana wangu wawili waliandika vizuri kunishinda, na kijana mmoja alikuwa amepata neno la kweli ambalo mkubwa wake alilitupa. Uandamizi ni kuwa na kifua cha kusema "halipiti" mbele ya mwenye fedha.

Tangu hapo nilijiwekea maswali matatu, nikawafundisha na vijana. Kwanza, je, ninaweza kumsomea mtu ninayemfahamu tangazo hili, uso kwa uso, bila kutazama chini? Pili, je, akinunua leo, kuna jambo atakaloligundua kesho ambalo mimi nalijua leo? Tatu, je, lile linalosomwa haraka mwishoni linalikana lile linalosomwa taratibu mwanzoni? Mara mbili maswali haya yalitugombanisha na wateja. Mteja mmoja alikubali kubadilisha maneno, mwingine alikwenda kwa kampuni nyingine. Sitakudanganya kwamba ukweli daima huleta faida.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inahusu mambo kama yale ya simu ya mama yule kugeuzwa kuwa orodha ya watu wa kumwaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni. Jirani zetu wa Kenya walirekebisha sheria ya benki kuu yao mwaka 2021 ili wakopeshaji wa namna hii wapewe leseni na kusimamiwa. Hayo yote ni mema. Lakini sheria huja baada ya neno kutoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Anayeweza kulizuia neno kabla halijatoka ni yule aliyeshika kalamu.

Siku hizi wapo wanaosema kalamu hiyo haihitaji tena mtu, kwa kuwa akili mnemba huandika tangazo kwa muda wa kupepesa jicho, na kwa bei nafuu. Sibishani nao juu ya kasi. Ila ningewauliza jambo moja. Mashine ikiandika "bila masharti", na mama lishe akauliza ni kitu gani hiki alicholetewa, ni nani atakayekwama tonge? Ni lazima awepo mtu mmoja katika ofisi ile anayekula chini ya mti ule ule na wanunuzi. Asipokuwapo, mwenye fedha atazungumza peke yake.

Wala sisi wa redio tusijitoe. Tangazo lile lilisomwa na watangazaji ambao wasikilizaji huwaamini wanapowaeleza habari za saa mbili usiku. Sauti ile ile inayokwambia kipindupindu kimeingia, chemsha maji, ndiyo inayokwambia kopa bila masharti. Msikilizaji hana njia ya kujua ni wapi mwandishi wa habari ameishia na ni wapi muuzaji ameanza. Tangu nirudi hapa nimeomba nisome matangazo baada ya kuyaona siku moja kabla, na nimerudisha machache. Si mengi, lakini machache.

Na wewe ndugu msikilizaji unayo kazi yako. Ukisikia kitu kinasifiwa taratibu kwa dakika nzima, kisha kifungu kimoja kikapitishwa mbio kama mwizi aliyeonwa, elewa kwamba hicho kifungu ndicho kilichokuhusu. Kabla hujabonyeza kitufe, uliza mambo mawili tu: nitapokea kiasi gani mkononi, na nitarudisha kiasi gani, lini? Asiyeweza kukujibu kwa tarakimu mbili na tarehe moja, biashara yake iache.

Mama yule yupo bado chini ya mwarobaini. Nikipita upande ule huingia kula. Chakula chake ni kizuri na hajawahi kukitangaza popote, kwa hiyo pengine wahenga hawakukosea sana. Namsalimia, ananisalimia. Ufunguo wa kikoba alirudishiwa baada ya mwaka mmoja. Mimi bado ananiita bosi.